Uvimbe Uliokataa Kung'aa

1

Kitu cha kwanza kung'aa asubuhi ile kilikuwa kikombe.

Nilikuwa nimewasha taa ya bluu kuijaribu kamera ya koo kabla ya kumwingizia mgonjwa. Chumba kilikuwa giza tororo, kama vyumba vyetu vyote vinavyokuwa mchana kutwa, na mgonjwa wangu, mayu Holo, kama tunavyomwita mama huku kwetu, alikuwa amekaa kitandani akinisubiri kwa adabu. Mwanga wa bluu ukapita kwenye meza yake ndogo, na ukingo wa kikombe ukanijibu kwa wekundu kama kaa la moto.

Nikaurudisha mwanga. Wekundu nao ukarudi.

"Mayu," nikasema, "kikombe chako kina kansa."

"Kina uchafu tu, mwanangu," akajibu upesi, akakivuta kikombe chini ya shuka.

Mtu mwingine angecheka akaendelea na kazi. Mimi naitwa Minza, na nyumbani kwetu wanasema nilianza kuuliza maswali kabla ya kuota meno. Nilisimama pale na taa mkononi kama mjinga, kwa sababu katika kituo chetu cha tiba ya mwanga, huku Usukumani, kitu kimoja tu ndicho kinachong'aa wekundu ule: dawa.

Dawa yetu tunaiita kijani. Imetengenezwa kutokana na ule ukijani wa majani, ikafanyiwa ufundi maabara. Mgonjwa akiinywa, haimdhuru kitu maadamu yuko gizani; imetulia kama kiberiti kwenye kisanduku chake. Seli za kansa zina uroho, huinywa kuliko seli nyingine zote. Hapo tunapitisha uzi wa mwanga mwekundu kooni, mwembamba kama wa kushonea magunia, dawa inaamka, inageuza oksijeni iliyomo ndani ya seli kuwa sumu, na seli inakufa palepale ilipo. Hakuna kisu wala nywele kunyonyoka. Ila kwanza lazima tuhakikishe dawa imo, na hiyo ndiyo kazi yangu. Namulika kwa bluu, uvimbe unajibu kwa wekundu. Usipojibu, hamna dawa, na mwanga tutakaopeleka ni wa bure.

Uvimbe wa mayu Holo ulikuwa kwenye umio, njia ya chakula, karibu na kifua. Tulikuwa tumemjaribu mara mbili. Mara zote mbili uling'aa kidogo, ukafifia, ukazima kabla uzi haujafika. Asubuhi ile ya mara ya tatu nilimwingizia kamera, nikaanza kuhesabu. Uling'aa sekunde mia mbili na kumi. Kisha ukawa mweusi, na ukuta mzima wa umio ukabaki mweusi, na mimi nikabaki natazama shimo.

Mashine yetu ya kupanga dozi, ambayo sote tunaiita Mpangaji, haikuchelewa. Iliandika kwenye kioo: SUGU. PAMPU. KIZIBO KESHO SAA TATU ASUBUHI.

2

Hakuna daktari aliyekuwa nami chumbani, na hili nalo lina sababu yake.

Mkuu wa kituo ni Daktari Jilala, na Daktari Jilala amemuoa Milembe, binti wa mayu Holo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mikono, wakikutana njiani mmoja anashika kichaka. Miaka imepita, watu wameweka taa ndani ya miili ya watu, lakini kichaka bado kipo. Kituo kingine chenye uzi wa mwanga kiko mbali, siku mbili kwa gari, na koo la mayu lisingesubiri foleni ya huko. Kwa hiyo Jilala alimtibu akiwa chumba cha pili, mbele ya kioo cha kamera. Picha ya koo haina uso, alisema, kwa hiyo anaweza kuitazama bila kumvunjia mama heshima. Maswali ya ugonjwa aliyaandika kwenye fomu. Mayu aliyajibu yote vizuri mno.

Nilimfuta midomo, nikampa maji kwa kijiko. Kisha nikakaa kwenye kigoda.

"Mayu, kikombe kilikuwa na nini?"

"Wewe mtoto una shida gani na kikombe changu?"

"Kimeng'aa. Uvimbe wako haung'ai, kikombe kinang'aa. Nitalalaje?"

Akanitazama kitambo katika ule mwanga hafifu wa taa ya sakafuni. Nadhani alikuwa akitabasamu.

"Nikikwambia, hutamwambia baba Kulwa?"

Baba Kulwa ndiye Jilala. Jina la mkwe halitajwi. Hapa ndipo nilipofanya kosa, na nalisema wazi ili mwenye masikio asikie. Nilitaka kujua. Nilitaka sana kujua, hata sikusubiri kufikiri.

"Simwambii," nikasema.

Akatoa kopo kutoka kwenye mfuko wake. Ndani kulikuwa na unga wa rangi ya kahawia iliyoelekea ukijani, na harufu yake nikaijua kabla sijaonja. Ilikuwa nsansa: majani ya kunde yaliyopikwa, yakaanikwa juu ya jiwe mpaka yakakauka, na yeye akayatwanga pamoja na karanga. Alikuwa akiyakoroga kwa maji moto, mara tatu kwa siku, tangu siku aliyolazwa.

"Na sinia la kituo? Mpangaji inasema unamaliza kila kitu."

"Mzee wa chumba cha jirani anakula. Ana njaa yule, kama kundi la nzige."

"Kwa nini, mayu? Chakula chetu kibaya?"

"Sikijui. Sijakionja." Akashusha sauti. "Kila sinia linakuja na karatasi. Milembe alinisomea: limeidhinishwa na baba Kulwa. Mwanangu, nitakula vipi sahani ya mkwe wangu? Hajaniita nyumbani kwake, hakuna aliyechinja, hakuna aliyenipa shuka kama desturi inavyotaka. Nile tu, kama kuku?"

Nilicheka mpaka nikaona haya. Yeye hakucheka. Nikamwomba kijiko kimoja cha ule unga.

3

Maabara nina seli za kila mgonjwa, hai, kwenye vibakuli vya kioo. Nilichukua za uvimbe wa mayu Holo, nikazimwagia maji ya nsansa, nikawasha bluu.

Ziling'aa, zikazima. Sekunde mia mbili hazikutimia.

Nikachukua za mgonjwa mmoja tuliyemtibu akapona, mtu wa mjini, mla mkate na soda. Nikazimwagia maji yaleyale. Ziling'aa, zikaendelea kung'aa, nikaenda kunywa chai nikarudi, bado zilikuwa zinang'aa.

Niliruka. Kweli niliruka, mtu mzima mwenye koti jeupe.

Kila seli ina pampu ndogo mlangoni, za kutupa nje kitu isichokitaka. Tulizijua pampu zile. Tulidhani kansa imezibuni kwa ujanja wake ili kututapikia dawa. Kumbe tulikuwa tunaisifu bure. Jani likikauka juani, ukijani wake huvunjika na kuwa kitu ambacho ni ndugu wa dawa yetu, baba mmoja na mama mmoja. Mtu akila nsansa miaka sitini, mwili wake una mazoezi ya miaka sitini ya kukitoa nje, la sivyo jua lingemchoma kila anapotoka shambani. Kansa ilizikuta pampu nyumbani, ikazirithi, ikaongeza nyingine. Na kila kikombe alichokoroga mayu mle gizani kilikuwa kinazipa pampu kazi: seli zenye pampu nyingi zilitamba, zile vivu zikachomwa kidogo na taa yetu ya bluu kila tulipomulika, zikapungua. Tulikuwa tunafundisha uvimbe kwa mkono mmoja na kuupiga kwa mwingine.

Nilikuwa bado nafurahi nilipokumbuka kesho saa tatu.

Kizibo ni sindano moja. Kinaziba pampu zote mwilini, za seli nzima na za seli zenye kansa, kwa miezi sita. Mpangaji ilikuwa imepiga hesabu kwamba ndani ya mayu kuna dawa yetu peke yake, kipimo fulani, kwa kuwa masinia yalirudi yamelambwa. Haikujua kwamba damu yake imejaa ndugu wa dawa. Tukiziba pampu na kuwasha uzi, kitakachoungua hakitakuwa uvimbe tu. Ukuta wa umio ungeungua wote ukatoboka, na umio ukitoboka kifuani sisi hatuna cha kufanya. Tungemwua mayu Holo kwa ustadi mkubwa.

Na mimi nilikuwa nimeahidi kunyamaza.

4

Nilirudi kwake mchana nikamwomba anifungue ahadi. Nilimweleza yote, pampu, kizibo, ukuta.

"Basi mwambie asinidunge," akasema. "Usimwambie kwa nini."

"Ataniuliza."

"Ahadi ni deni, mwanangu. Nimekwambia wewe, sikumwambia yeye. Unataka aende akae na mke wake wacheke, kwamba mama mkwe alikuwa akigawa chakula chake kama mwizi?"

"Mficha maradhi, mayu, kifo humuumbua."

"Kifo kikiniumbua, sitakuwepo kuona haya."

Nilitoka nimekasirika, kwake na kwangu mwenyewe. Kuvunja neno lake ilikuwa rahisi. Milango miwili tu ilinitenga na Jilala. Lakini mle gizani mgonjwa hana kitu, hata uso wa anayemhudumia haoni vizuri. Ana neno lake na neno letu. Nikilivunja hili moja kwa nia njema, mgonjwa wa kesho ataniambia nini? Atakula nini gizani bila mimi kujua? Na nisipolivunja, huyu wa leo anakufa. Nilizunguka ukumbini mpaka mfagiaji akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Mwisho nikaingia kwa Jilala.

"Daktari, ahirisha kizibo cha mayu Holo. Usiniulize sababu."

Jilala ni mtu mpole, mwembamba, mwenye mazoea ya kufuta miwani hata ikiwa safi. Akaifuta.

"Njia yake leo inapitisha kitu chenye unene wa penseli," akasema. "Kila wiki inapungua. Mpangaji inataka sababu, nami nataka sababu."

"Ninayo. Si yangu kuisema."

 Kisha akasimama, akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba cha giza, nami nyuma yake nikimwomba Mungu. Ndani ya mlango kuna pazia zito la kuzuia mwanga. Akasimama upande wake wa pazia.

"Minza, mwambie mama namsalimu."

Nikapita ndani. "Mayu, anakusalimu."

"Mwambie baba Kulwa nimepokea."

Pazia ni nguo, si ukuta. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kuliko alivyonisikia mimi. Lakini nilipeleka na kurudisha, maana hivyo ndivyo inavyofanywa.

"Mwambie mama," akasema Jilala, "Minza ninayemjua hajawahi kushindwa kusema jambo. Leo ameshindwa. Kwa hiyo ni jambo kubwa."

Nikaanza kupeleka. Akaendelea kabla sijamaliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mwambie kwamba nikimdunga kesho na kuna kitu sikijui, nitakuwa nimemwua kwa mkono wangu. Nitarudi nyumbani nimwambie nini mama Kulwa?"

Mayu Holo akaninyoshea kiganja, ninyamaze. Alikaa hivyo, kiganja hewani. Nilisikia mzee wa chumba cha jirani akikohoa.

"Baba Kulwa," akasema, kwa kinywa chake, moja kwa moja kwenye pazia. "Sijala chakula chako hata siku moja."



"Mama," Jilala akajibu, naye bila kunipitia, "sasa unakula nini?"

Akamwambia. Alipomaliza nilieleza ya vibakuli, na wazo lililonijia huko. Jilala hakucheka wala hakulaumu. Alifikiri, kisha akaweka njia mbili mbele ya mama mkwe wake, kwa sauti ya mtu anayepanga vyombo asivunje.

Ya kwanza: aache nsansa, damu isafike siku kumi, ndipo adungwe kizibo na kuchomwa uvimbe. Katika wagonjwa kumi, sita hupona. Lakini miezi sita yote asione jua wala asile jani lolote, la mchicha, la kunde, la boga. Kosa moja na ngozi inaungua.

Ya pili ilikuwa yangu, na hakuna aliyewahi kuijaribu. Pampu si bure. Seli yenye pampu mia hutumia chakula chake kuziendesha. Ikikosa cha kutupa, siku arobaini bila jani hata moja, zile seli vivu zisizo na mzigo zitaongezeka upesi kuliko yenyewe, zichukue nafasi. Halafu tuzipe kijani kwa mara moja. Huenda uvimbe utang'aa. Huenda kabla ya hapo njia itafunga kabisa.

"Kama ungekuwa mgonjwa mwingine, mama, ningesema ya kwanza," akasema Jilala.

"Na wewe?" Mayu alinigeukia mimi. "Wewe ungechagua ipi?"

Nilitaka kusema ya pili. Neno lilikuwa mdomoni. Nikajikamata, kwa sababu niliona nilichokuwa nakitaka: sikutaka apone kwanza, nilitaka kwanza kuona kama nimefikiri sawasawa. Tulikuwa na wagonjwa kumi na mmoja walioandikwa SUGU mwaka ule, na hakuna aliyewauliza wamekula nini. Kama njia ile ingefaa, ingewafaa wengi. Lakini koo la kujaribia lilikuwa lake, si langu.

"Usiniulize mimi, mayu," nikasema. "Mimi nataka kujua tu. Siwezi kutenganisha kutaka kujua na kukutakia mema. Nimejaribu, nimeshindwa."

Akajikunyata, akavuta shuka mabegani.

"Huyu anaogopa kunipoteza, atafumba macho," akasema taratibu. "Wewe utakaa macho siku zote arobaini ili uone. Nachukua ya pili. Na msiseme nimejitoa kwa ajili ya hao kumi na mmoja, siwajui. Miezi sita bila jua wala jani, hiyo ni kunizika nikiwa napumua."

5

Alikonda. Sitasema zaidi ya hapo kuhusu zile wiki, ila kwamba nilikaa macho kama alivyosema, na kwamba kufikia siku ya thelathini hata uji mweupe ulipita kwa matone, tukamlisha kwa mshipa. Mara mbili Jilala aliniuliza kama tuache, tumdunge kizibo. Mara mbili tulimwuliza mwenyewe, naye akatikisa kichwa. Usiku na mchana wangu ulikuwa mmoja. Nilimpenda mno mayu yule, na niliogopa.

Siku ya thelathini na nane Jilala alisema hatungoji tena. Tukampa kijani. Tukamtia ganzi kooni. Alikuwa macho, akisikia kila kitu, ila kamera ikiwa ndani mtu hawezi kusema. Safari hii Jilala aliingia. Alisimama upande wa kichwani, asikoonekana, uzi wa mwanga mkononi.

Nikawasha bluu.

Sekunde mia mbili zikapita. Mia tatu. Nilihesabu kwa sauti bila kujua.

"Nusu," nikasema.

Nusu ya uvimbe ilikuwa imewaka, nyekundu, imetulia. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi kama zamani, imejibanza chini ya ile inayong'aa.

"Nachoma inayong'aa yote," akasema Jilala, akasogeza uzi.

"Subiri." Nilimshika kifundo cha mkono, jambo ambalo mpimaji hamfanyii daktari. "Ukichoma wavivu wote, nani atawabana hawa wenye pampu? Watabaki peke yao, na uwanja wote wao. Fungua njia tu. Wengine waache hai."

"Niache kansa? Kwa makusudi?"

"Ndiyo."

"Tumtoe kamera tumwulize."

"Dawa inaanza kufifia pembeni. Tukimtoa na kumrudishia itakuwa imekwisha, na hatuna mara ya tano."

Mayu Holo alikuwa akinitazama. Macho yake yalitoka kwangu, yakajaribu kupanda kuelekea asikoonekana mtu. Hakuweza kusema ndiyo wala hapana. Jilala aliinama. Nilisikia akivuta pumzi, kisha uzi ukawaka, na kwenye kioo wekundu wa katikati ukaanza kupauka, mduara mdogo, upana wa kidole. Alipofika ukingoni mwa mduara akauzima. Pembeni yote uvimbe uliendelea kung'aa, mzima, wenye afya.

Tulimtoa kamera. Ganzi ilichukua saa nzima kuisha, na Jilala hakutoka chumbani. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, upande uleule wa kichwani.

"Mmemaliza?" Sauti ya mayu ilikuwa ya kukwaruza.

Nilimgeukia Jilala. 

"Mmemaliza?"

"Hapana, mama," akasema Jilala. "Njia iko wazi. Uvimbe upo. Tumeuacha."

"Mmeshindwa?"

"Hatujashindwa. Tumeuacha makusudi. Kila mwezi itabidi tuutazame, pengine maisha yako yote."

 Nilijua swali linalokuja, nikajua pia kwamba wazo lilikuwa langu, na nikajiandaa kulibeba.

"Nani kaamua? Mimi sikuulizwa."

"Mimi," akasema Jilala, kabla yangu. Akainuka kutoka sakafuni, akazunguka kitanda, akasimama mbele yake, mahali ambapo hata katika giza lile angeonwa uso. "Niliamua mimi, mama, bila ruhusa yako. Ukitaka kunilaumu, nilaumu mimi."

Mayu Holo hakuficha macho. Alimtazama mkwe wake, nadhani kwa mara ya kwanza tangu siku ya mahari, kwa muda mrefu, mpaka mimi ndiye niliyeinamisha kichwa.

"Umekonda," akamwambia.

Kisha akaomba maji. Nikampa glasi, nikanyosha kijiko kwa mazoea, akakisukuma kando. Akanywa glasi nzima bila kupumzika, akaomba nyingine.